Vazi, Nywele na Heshima: Maisha ya Madam C. J. Walker (1867–1919)

Katika miji ya Marekani ya mwanzoni mwa karne ya ishirini, mtu alipimwa kwa mavazi yake kabla hajafungua kinywa. Mwanamke aliyetoka nyumbani bila kofia na glavu alihesabiwa kuwa mtumishi au maskini. Kwa Wamarekani Weusi, waliokuwa wametoka utumwani kizazi kimoja tu awali, suala hili halikuwa la urembo peke yake. Usafi wa kola, unyofu wa sketi na mpangilio wa nywele vilikuwa ushahidi uliotolewa kila siku mbele ya hakimu asiye na huruma, yaani macho ya watu wa barabarani. Miongoni mwa waliolielewa jambo hili vyema zaidi ni mwanamke mmoja ambaye, kwa zaidi ya miaka kumi na mitano, riziki yake ilikuwa kufua nguo za watu wengine. Wazazi wake walimwita Sarah Breedlove. Ulimwengu ulikuja kumjua kama Madam C. J. Walker.

Kuzaliwa na Utoto

Sarah alizaliwa tarehe 23 Desemba 1867 karibu na kijiji cha Delta katika jimbo la Louisiana, ng'ambo ya Mto Mississippi kutoka mji wa Vicksburg. Wazazi wake, Owen na Minerva, walikuwa wamefanyishwa kazi kama watumwa katika shamba la pamba la familia ya Burney. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861–1865 viliuondoa utumwa kisheria, na Sarah akawa mtoto wao wa kwanza kuzaliwa huru. Hata hivyo, uhuru wenyewe ulikuwa wa karatasi. Familia iliendelea kuishi katika kibanda kile kile na kulima pamba ile ile, tofauti ikiwa kwamba sasa iliwabidi kugawana mavuno na mwenye shamba na kubaki na deni.

Kabla hajatimiza umri wa miaka minane, Sarah alikuwa yatima wa baba na mama. Alilelewa na dada yake Louvenia, na baadaye wakavuka mto kuhamia Vicksburg kutafuta kazi za nyumbani. Masomo ya darasani aliyapata kwa miezi michache tu katika utoto wake wote. Shemeji yake alikuwa mkali na mkatili, na alipotimiza umri wa miaka 14 msichana huyu aliona ndoa kuwa mlango pekee wa kutorokea. Mwaka 1882 akaolewa na Moses McWilliams. Mwaka 1885 wakajaliwa binti, Lelia. Haikuchukua muda Moses akafariki, na Sarah, akiwa na umri wa miaka ishirini hivi, akabaki mjane mwenye mtoto mchanga, asiye na kisomo wala mali.

Miaka ya Karai

Kaka zake walikuwa wametangulia kwenda St. Louis, jimboni Missouri, ambako walifanya kazi ya kinyozi. Sarah aliwafuata mwishoni mwa miaka ya 1880. Mji huo ulikuwa mojawapo ya miji mikubwa ya Marekani, wenye viwanda, reli na moshi mwingi. Kwa mwanamke mweusi asiyekuwa na elimu, kazi zilizopatikana zilikuwa mbili: kupika na kusafisha katika nyumba ya Mzungu, au kufua nguo. Wengi wenye watoto waliipendelea ya pili kwa sababu ilifanyika nyumbani kwao, mbali na macho ya mwajiri.

Upendeleo huo, hata hivyo, haukuifanya kazi yenyewe kuwa nyepesi. Maji yalichotwa kwa ndoo na kuchemshwa katika masufuria makubwa. Nguo zilisuguliwa kwa sabuni kali kwenye ubao wenye mifereji, zikasuuzwa, zikatiwa bluu ili weupe ung'ae, kisha zikatiwa wanga ili kola na vikofi visimame. Siku zilizofuata zilikuwa za pasi, na pasi za wakati huo zilikuwa vipande vizito vya chuma vilivyopashwa moto juu ya jiko, kiangazi na kipupwe. Mwisho wa juma mfuaji alizibeba nguo hizo na kuzirudisha kwa wenyewe. Ujira wa Sarah haukuzidi sana dola moja na nusu kwa siku.

Ni muhimu kukumbuka nguo hizo zilikuwa za aina gani. Huo ulikuwa wakati ambapo mwanamke wa mjini aliyejiheshimu alivaa blauzi nyeupe yenye kola ndefu na sketi iliyofika kwenye vifundo vya miguu, kiuno kikiwa kimebanwa kwa koseti. Nywele zilikusanywa juu ya kichwa kwa wingi, mara nyingi zikitiwa vijaluba vya nywele bandia ili zitune, na juu yake ikawekwa kofia pana iliyoshikizwa kwa pini ndefu. Sarah aliyajua mavazi hayo kwa mikono yake. Alijua ni saa ngapi za kazi ya mtu mwingine zilizofichika katika blauzi moja nyeupe iliyoonekana kana kwamba imevaliwa bila jitihada yoyote.

Jumapili ilikuwa siku tofauti. Katika kanisa la Waafrika la Kimethodisti la St. Paul, Sarah aliketi pamoja na walimu, wake wa madaktari na wanawake wa vyama vya hisani, waliokuwa weusi kama yeye lakini wenye mavazi nadhifu na usemi wa kujiamini. Wanawake hao walimsaidia yeye na binti yake, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba umaskini haukuwa maumbile ya mtu mweusi. Alidunduliza senti za kufulia hadi akampeleka Lelia kusoma katika Chuo cha Knoxville, jimboni Tennessee. Ndoa yake ya pili, aliyofunga na John Davis mwaka 1894, haikuwa na heri, na ilivunjika baada ya miaka michache.

Nywele Zilizokatika

Katika miaka hiyo ya dhiki nywele za Sarah zilianza kukatika na kung'oka hadi ngozi ya kichwa ikaonekana. Aibu hiyo haikuwa yake peke yake. Nyumba nyingi za maskini, weusi kwa weupe, hazikuwa na mabomba ya maji. Kuosha nywele lilikuwa jambo la mara moja kwa mwezi, na wakati wa baridi kali watu wengine walipitisha muda mrefu zaidi. Mba, upele na maradhi ya ngozi vilienea, na sabuni zilizotumiwa zilikuwa kali kiasi cha kuunguza. Kusini, wanawake weusi walizifunga nywele kwa nyuzi za pamba na kuzifunika kwa kitambaa siku zote za kazi, wakazifungua siku ya ibada. Kitambaa hicho kilikuwa kinga ya jua shambani, lakini mjini kiligeuka kuwa alama ya utumishi. Mwanamke asiyekuwa na nywele za kutengeneza hakuweza kukiacha.

Sarah alijaribu dawa mbalimbali. Miongoni mwazo zilikuwa bidhaa za Annie Turnbo, mwanamke mweusi aliyekuwa amefungua biashara ya mafuta ya nywele St. Louis, na mwishowe Sarah akawa mmoja wa wachuuzi wake. Mwezi Julai 1905 alihamia Denver, jimboni Colorado, akiwa na akiba ya dola moja na nusu, sawa na ujira wa siku moja ya kufua. Huko alifanya kazi ya upishi huku akiuza mafuta ya Turnbo nyumba hadi nyumba. Mwezi Januari 1906 aliolewa na Charles Joseph Walker, mwanamume aliyekuwa na uzoefu wa matangazo ya magazeti, na tangu hapo akaanza kuuza bidhaa zake mwenyewe kwa jina la Madam C. J. Walker.

Kuhusu chanzo cha dawa yake, Madam Walker alisimulia kwamba alioteshwa ndoto ambamo mzee mweusi alimtajia vitu vya kuchanganya, baadhi yake vikitoka Afrika. Wanahistoria hawaichukui simulizi hiyo kama ilivyo. Mchanganyiko wa mafuta ya mgando na salfa ulikuwa tayari unajulikana kwa wauza dawa kama tiba ya ngozi ya kichwa, na Annie Turnbo hakusita kulalamika hadharani kwamba kazi yake imeigwa. Vivyo hivyo, maandishi mengi yanamtaja Madam Walker kuwa mvumbuzi wa chanuo la chuma la kupasha moto, ilhali machanuo ya namna hiyo yalikuwa yakitumika Ulaya na Marekani kabla hajaanza biashara. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: alichobuni hasa Madam Walker hakikuwa mafuta wala chanuo. Kilikuwa utaratibu wa kuosha nywele mara kwa mara, kutibu ngozi na kupaka mafuta, pamoja na jeshi la wanawake wa kuufundisha utaratibu huo.

Njia ya Reli na Mkoba Mweusi

Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1906 Madam Walker na mumewe walizunguka majimbo ya Kusini kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi. Walisafiri katika mabehewa yaliyotengewa watu weusi, kwani tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 1896 ubaguzi huo ulikuwa halali. Katika kila mji walitafuta kanisa kwanza. Madam Walker alionyesha kazi yake mbele ya wanawake, akaosha na kutengeneza nywele za mmoja wao, kisha akawafundisha waliotaka kuwa mawakala. Alipoondoka, biashara ilibaki mikononi mwao.

Mwaka 1908 alifungua chuo cha ususi Pittsburgh na kukiita kwa jina la binti yake Lelia. Mwaka 1910 alihamia Indianapolis, makutano ya reli nyingi, akanunua nyumba, akajenga kiwanda na saluni, na mwaka uliofuata akaisajili kampuni kisheria. Matangazo yake katika magazeti ya watu weusi yalikuwa na picha zake mwenyewe: katikati alionekana na nywele fupi zilizokatika, na kandokando akiwa na nywele zilizofika mabegani. Wasomaji waliokuwa hawajazoea kumwona mwanamke mweusi katika tangazo lolote isipokuwa kama mpishi mwenye kilemba sasa walimwona mwenye mali akiwatazama usoni.

Wakala wa Madam Walker alitambulika kwa blauzi nyeupe iliyotiwa wanga, sketi ndefu nyeusi na mkoba mweusi wa vifaa. Mavazi haya yalikuwa na maana. Blauzi ile ile ambayo mama na shangazi walikuwa wakiifua kwa ajili ya wengine sasa ilikuwa juu ya mwili wa binti, naye aligonga mlango wa mbele kama mfanyabiashara. Mapato yake yaliweza kuwa mara kadhaa ya mapato ya mfuaji. Kwa fedha hizo wanawake walinunua nyumba, walisomesha watoto na, kwa wengine, waliacha waume waliowatesa. Kufikia miaka ya mwisho ya uhai wake kampuni ilidai kuwa imewafunza mawakala wapatao 20,000, wakiwemo wa visiwa vya Karibi na Amerika ya Kati, alikosafiri mwaka 1913.

Mwenyewe hakuacha kukumbana na mipaka ya rangi yake. Siku moja mjini Indianapolis alikwenda kutazama filamu katika ukumbi wa Isis. Aliambiwa alipe senti 25, kwani bei ya senti 10 haikuwahusu watu weusi. Alirudi nyumbani na kumwagiza wakili wake, Freeman B. Ransom, aushtaki ukumbi huo. Kisha akaanza kupanga jengo lake mwenyewe. Jengo la Walker, lenye ukumbi wa maonyesho ndani yake, lilifunguliwa mwaka 1927 wakati mwenyewe hayupo tena.

Vizuizi vingine vilitoka kwa watu wake. Mwaka 1912 Jumuiya ya Wafanyabiashara Weusi ilikutana Chicago chini ya uenyekiti wa Booker T. Washington, aliyekuwa kiongozi mashuhuri kuliko wote wa watu weusi wakati huo. Washington aliidharau biashara ya nywele kwa kuiona kama njia ya kuwafanya watu weusi wawaige Wazungu. Madam Walker aliomba nafasi ya kuzungumza na akapuuzwa. Siku ya mwisho alisimama bila kuitwa, akaueleza mkutano kwamba alikuwa ametoka katika mashamba ya pamba, akapitia karai na jiko la mwajiri, na sasa alikuwa amejenga kiwanda katika ardhi aliyoinunua mwenyewe. Washington hakumpa jibu siku hiyo. Mwaka uliofuata alimwalika kuwa miongoni mwa wazungumzaji wa mkutano wa jumuiya hiyo.

Suala Lisilokwisha

Lawama ya Washington haikuisha naye. Vizazi vilivyofuata, hasa wakati wa harakati za miaka ya 1960 na 1970, vilimtaja Madam Walker kama mtu aliyewafunza wanawake weusi kuzionea haya nywele zao za kipilipili. Lawama hiyo haiwezi kutupiliwa mbali. Chanuo la moto lilikuwa sehemu ya utaratibu wake, na nywele ndefu zilizonyooka ndizo zilizosifiwa katika picha zake. Kwa upande mwingine, Madam Walker alikana kwamba ananyoosha nywele, na alisisitiza kuwa kazi yake ni kuziotesha na kuzitunza. Tena, wakati wa uhai wake hakuuza dawa za kuchubua ngozi, ingawa zilikuwa na soko kubwa na kampuni yake ilikuja kuziuza baada ya kifo chake.

Huenda ukweli uko katika hali yenyewe ya miji ile. Mwanamke aliyetafuta kazi ya ualimu au ukarani alihukumiwa kwa kipimo ambacho hakukitunga. Madam Walker hakukivunja kipimo hicho. Aliwapa wanawake njia ya kukivuka, na katika kuwapa njia hiyo akakiimarisha. Faida na hasara vilitoka katika mkebe mmoja. Lakini mkebe huo ulitengenezwa na mwanamke mweusi, ukauzwa na mwanamke mweusi, na faida yake ikabaki mikononi mwa wanawake weusi.

Harlem, Maandamano na Mwisho

Madam Walker alimtaliki C. J. Walker mwaka 1912, na mwaka 1916 alihamia Harlem, jijini New York, ambako Lelia alikuwa amefungua saluni ya kifahari. Utajiri ulimwingiza katika siasa. Tayari mwaka 1911 alikuwa ameahidi dola 1,000 kwa ujenzi wa jengo la jumuiya ya vijana wa Kikristo la watu weusi Indianapolis. Mwezi Julai 1917 makundi ya Wazungu yaliwaua makumi ya watu weusi katika mji wa East St. Louis, ng'ambo tu ya mto kutoka mahali alipokuwa akifua nguo. Tarehe 28 Julai watu wapatao 10,000 waliandamana kimya katika barabara ya Fifth Avenue, New York, wanaume wakiwa wamevaa suti nyeusi, wanawake na watoto mavazi meupe. Siku chache baadaye Madam Walker alikuwa katika ujumbe uliokwenda Washington kumtaka Rais Woodrow Wilson akomeshe mauaji ya watu weusi bila hukumu. Rais hakuwapokea, walikutana na katibu wake.

Mwezi Agosti mwaka huo huo mawakala zaidi ya 200 walikutana Philadelphia. Mkutano huo ulitoa zawadi kwa waliouza zaidi na pia kwa waliochangia zaidi katika hisani, kisha ukamwandikia rais kulalamikia mauaji hayo. Wanawake waliokuwa wamekuja kuzungumza juu ya mafuta ya nywele walitoka wakiwa wamezungumza na serikali yao.

Mwaka 1918 Madam Walker alihamia katika kasri lake la Villa Lewaro huko Irvington, kando ya Mto Hudson, lililochorwa na msanifu mweusi Vertner Tandy, mahali ambapo majirani walikuwa matajiri wakubwa wa Kizungu. Mwezi Januari 1919 aliwakaribisha huko wanaharakati, akiwemo Marcus Garvey, waliounda umoja wa kuwatetea watu wa rangi katika Mkutano wa Amani wa Paris. Mkutano huo ndio ulioamua hatima ya makoloni ya Ujerumani barani Afrika, likiwemo lile lililokuja kuitwa Tanganyika. Serikali ya Marekani ilimnyima Madam Walker pasipoti, na hakufika Paris.

Afya yake ilikuwa imedhoofika kwa shinikizo la damu na maradhi ya figo. Wiki chache kabla ya kufa aliahidi dola 5,000 kwa mfuko wa kupinga mauaji ya watu weusi. Alifariki katika Villa Lewaro tarehe 25 Mei 1919, akiwa na umri wa miaka 51. Wosia wake ulielekeza sehemu kubwa ya faida za baadaye kwa shughuli za hisani, na ukaagiza kwamba kampuni iongozwe daima na mwanamke.

Hitimisho

Maisha ya Madam C. J. Walker yanadhihirisha kwamba historia ya mavazi na urembo ni historia ya kazi. Nyuma ya kila kola nyeupe ya miji ya Marekani kulikuwa na mikono iliyochubuliwa na sabuni, na mikono hiyo kwa kawaida haikuonekana pichani. Kuhusu nywele watu wataendelea kubishana, na wana haki. Lisilobishaniwa ni kwamba maelfu ya wanawake waliokuwa wamehukumiwa kuinama juu ya karai maisha yao yote waliweza kunyoosha migongo, wakavaa blauzi ambazo walifua kwa ajili yao wenyewe.